Rivyu ya ile sentaa ya kupima watoto Malindi: mtihani wa masomo lipeni, namba ya IQ waachieni wenyewe

Haya, kwa wale mnaoniuliza kila siku ile sentaa ya kupima akili za watoto ni ya ukweli ama ni biashara tu, rivyu yangu hii hapa, na ni ndefu kwa hivyo jitilieni chai kabisa. Jina siliweki, sitaki kuitwa kwa chifu, wa Malindi washaijua na ukiwa Mombasa ama Mtwapa najua nanyi mnazo za kwenu, manake tangu KCPE, ule mtihani wa kumaliza praimari, ife 2023 hizi sentaa zimezaliana. Na sababu yake mwaijua. Zamani mtoto alikuwa anakuja na 347 juu ya 500 unajua pa kumuweka, sasa KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, inakuja na maneno, sijui ametimiza matarajio, sijui anakaribia matarajio, na mzazi wa Kenya bila namba hapati usingizi. Basi mtu akaona hapo pana pesa, akafungua duka la namba.

Mimi ni mwalimu wa praimari kwa hivyo siendi pale kama mtu asojua mitihani inavyopikwa. Nilimpeleka mtoto wa dadangu, yuko Gredi ya 6 huko Lamu, alikuja kwangu likizo na mamake akanisisitiza nimpime kabla hajaamua kama atamleta asome junia sekondari huku Malindi. Ni kijana mtulivu, hana maneno mengi, lakini akikaa na wavuvi anarudi na habari za bahari hujui amezisikia wapi.

Wanauza vitu vitatu. Kuna mtihani wa masomo wa karatasi, 1,500. Kuna wa IQ, ile namba ya akili, kwa kompyuta, 2,500. Halafu kuna ule wa alama za vidole, 6,000, na huo ndo wanausukuma zaidi, ukifika tu kaunta kabla hujakaa washakuwekea brosha yake mkononi. Mahali penyewe sina neno: AC inafanya, choo kisafi, maji ya kunywa yapo, na wale wasichana wa mapokezi wana adabu. Nyota tano kwa hilo, tuingie kwa mitihani.

Nianze na wa masomo kwa sababu huu wallahi nimeupenda. Hisabati maswali 50, Sayansi 50, lugha zote mbili na insha. Watu wanalalamika mbona mrefu, mtoto anachoka, na wanampa mapumziko ya kunywa juisi lakini bado wanalalamika. Jamani urefu ndo uzuri wenyewe. Mtihani wa maswali 10 ni bahati nasibu, mtoto akiamkia vibaya kwa maswali mawili tu kashashuka asilimia 20. Kuna hesabu ya zamani sana, ya 1910, Spearman na Brown kila mmoja aliitoa kivyake, inaonyesha ukirefusha mtihani uthabiti, yaani mtoto akirudia atatoka karibu vile vile, unapanda kiasi gani. Chukua mtihani mfupi ambao uthabiti wake ni 0.50, yaani nusu ya zile tofauti za alama unazoziona kati ya watoto ni bahati na kelele tu, si ujuzi, urefushe mara tano kwa maswali ya aina ile ile, uthabiti unafika kama 0.83. Hujabadilisha kitu, umeongeza maswali tu. Kwa hivyo ukiona sentaa inakwambia "dakika kumi tu mama tushajua kiwango chake", shika mkono wa mtoto muondoke.

Kitu cha pili, maswali ya kuchagua A, B, C, D hayajajaa kote. Hili walimu tunalijua lakini wazazi hawalifikirii: maswali 40 yenye majibu manne manne, mtoto asojua kitu akitia alama akiwa amefumba macho anapata kama 10 za bure. Sasa mtoto mwenye 14 na mtoto mwenye 10, hapo huwezi kuniambia nani anajua zaidi. Hawa wamechanganya, kuna ya kuchagua na kuna ya kufanya kazi ukaonyesha njia, na ile njia inapewa alama.

Insha sasa. Mtu ambae hajawahi kusahihisha insha anadhani alama za insha ziko mahali zimekaa, mwalimu anaenda kuzichukua. Hapana. Chukua insha moja wape walimu wawili kila mmoja chumba chake, mmoja anakuja na 31 juu ya 40, mwenziwe anakuja na 24, na wote wazima na wote hawajalewa. Mmoja anapenda methali, mwengine methali ya tatu tu zishamchosha. Pale sentaa insha inasomwa na watu wawili bila mmoja kuona alama za mwenzake, wakipishana zaidi ya 5 anaitwa wa tatu. Niliomba kuona, wakanionyesha zile karatasi mbili za alama, 28 na 30. Hapa nimewavulia kilemba, shule zetu hatufanyi hivyo kwa sababu nani ana muda, darasa lina watoto 70.

Na wanakurudishia karatasi. Hii ndo hasa unayolipia. Mtoto wetu kwenye hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, alianguka karibu zote, lakini si kwamba hajui sehemu, anajua kujumlisha, tatizo ni pale namba za chini zikiwa tofauti, kila mara anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kosa lile lile mara sita. Jioni ile ile tulikaa tukalimaliza. Namba peke yake, tuseme 58, haingenambia hilo hata siku moja.

Ila kuna doa. Sayansi yao ni Kiingereza kitupu na Kiingereza chenyewe kizito. Kulikuwa na swali kuhusu mwezi na kujaa kwa maji baharini, kakosa. Nikamuuliza nyumbani kwa Kiswahili, bamvua huja lini? Akaniangalia kama nimemuuliza jina lake, akasema mamdogo, bamvua mwezi mwandamo na mwezi mpevu, katikati hapo ni maji mafu, na akanieleza mpaka siku gani mtu anaenda kuokota chaza na siku gani anajisumbua. Sasa lile swali limepima sayansi ama limepima Kiingereza? Alama imeandikwa Sayansi. Niliwaambia, yule dada akaandika mahali, sijui kama kuna mtu atasoma.

Huo ni mtihani wa vitu alivyofundishwa. Ule wa pili unadai kupima kitu kengine, ile akili yenyewe ya kufumbua jambo jipya ambalo hujafundishwa. Wanasaikolojia wanavitenga hivi viwili toka zamani, Raymond Cattell ndo alokazania sana kwamba kuna uwezo wa kufikiri papo kwa papo na kuna ule uliojengeka kwa kusoma na kuishi, na si lazima viende sawa. Kwa hivyo wazo la kupima vyote viwili si baya. Shida ni vile wanavyofanya.

Mtoto alitoka Lamu siku ile ile ya mtihani huu wa kompyuta. Yaani boti ya alfajiri mpaka Mokowe, basi, barabara na vituo vya ukaguzi, kafika Malindi mchana kichwa kinamuuma, na mimi nishabuku saa tisa nikaona hela yangu itapotea. Hakuna mtu pale alomuuliza umelala? umekula? Wakamkalisha kwa kompyuta, kipanya mkononi, mtoto ambae maisha yake yote anatumia simu ya kugusa. Maswali yana saa inahesabu kurudi nyuma kwenye kona. Nilikuwa namuona kwa kioo, jibu analijua lakini kile kimshale anakikimbiza skrini nzima kama kuku. Muda ukaisha. Kuna picha ukiulizwa nini hakipo, nyumba ya kizungu kwenye theluji, sijui ilikuwa ikose moshi ama ikose nini. Mtoto wa Lamu ambae usafiri wake ni punda na boti, unamuuliza kuhusu theluji. Mchoree jahazi halina foromali uone kama hatakwambia kabla hujamaliza kuchora.

Ripoti ikatoka papo hapo, rangi tele, imelaminetiwa. IQ 87. Chini yake: wastani wa chini, anafaa kozi za mikono. Namba moja tu, hakuna kati ya ngapi na ngapi.

Nikamuuliza kijana wa kompyuta, hebu baba nambie, akirudia Jumamosi ijayo atapata hiyo hiyo 87?

"Madam, kompyuta haikosei."

Sikuuliza kompyuta, nimeuliza mtoto. Nikamuuliza tena, 87 kulinganisha na nani? manake hizi alama hazina maana peke yake, zinapangwa ili wastani wa watoto wa rika lake uwe 100, na kama thuluthi mbili ya watoto waangukie kati ya 85 na 115. Kwa hivyo lazima pawe na watoto waliopimwa kwanza. Watoto gani? Wa wapi? Mwaka gani? Akasema ni intanashono. Intanashono ni mtaa gani?

Na hili swali la mwaka gani si ujuaji wangu. Huko Embu watafiti waliwapima watoto wa vijijini 1984, wakaja kupima wengine wa rika lile lile 1998, ule mtihani wa maumbo wa Raven ambao watu husema hautegemei shule, na alama zikawa zimepanda sana kwa hiyo miaka 14 tu. Watoto wa Embu hawakubadilishwa ubongo, waliotafiti walisema huenda ni wazazi wengi zaidi kujua kusoma, familia kuwa ndogo, chakula na afya kuwa bora. Sasa ukimpima mtoto wa leo kwa vipimo vya miaka hiyo utamwita fundi, ukimpima wa zamani kwa vya leo utamwita mzito, na mtoto ni yule yule.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi nzuri ya mambo haya imefanywa hapa hapa kaunti yetu. Kilifi mjini, pale kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust, Penny Holding na wenzake walichapisha 2004 vile walivyotengeneza vipimo vya watoto wa vijijini Kilifi, hawakuchukua vya Ulaya wakavitafsiri wakamaliza. Halafu 2008 Amina Abubakar na wenzake wakatoa tathmini ya ule unaoitwa Kilifi Developmental Inventory, wa watoto wadogo kabisa, na waliangalia hasa hayo ninayoyalilia hapa: wapimaji wawili wakimpima mtoto mmoja wanakubaliana? mtoto akipimwa tena baadae anatoka vile vile? Saa moja na kidogo kwa matatu kutoka hapa. Sisi tunalipa 2,500 kwa intanashono.

Basi nikamrudisha. Ndio nililipa tena, na ndio mume wangu alisema maneno. Wiki kadhaa baadae, asubuhi, amelala vizuri, kala mahamri na mbaazi zake, na kipanya nilishamfundisha kwa kompyuta ya jirani. Mtihani ule ule, hata picha ya theluji iko. Ikatoka 101. Pointi 14 juu! Kijana akafurahi kweli, akasema mtoto ameimprove. Ameimprove nini na ripoti yenu ya kwanza ilisema ni kozi za mikono?

Sasa nataka niwe mkweli kwa pande zote. Mtihani ukirudiwa alama hupanda kidogo kwa mazoea tu, hilo linajulikana, kwa hivyo siwezi kusema 101 ndo ukweli na 87 ni uongo. Ninachosema ni hivi. Hata mtihani mzuri kabisa wenye uthabiti wa 0.90 kosa lake la kawaida, yaani alama inavyoyumba yenyewe, linakuja kama pointi 5, ukitaka uhakika wa asilimia 95 ile 87 unaisoma "kati ya 78 na 96". Ukishuka kwa uthabiti wa 0.70 kosa linakuwa pointi 8 na ushei, na 87 inakuwa popote kutoka 71 mpaka 103. Yaani kutoka mtoto wa kuhurumiwa mpaka mtoto wa kawaida kabisa, wote ndani ya karatasi moja ilolaminetiwa. Na huu wa kwao uthabiti wake ni ngapi? Hawajui. Niliuliza kwa mdomo nikauliza kwa WhatsApp, wakanitumia brosha ya vidole.

Alobuni mambo haya, Alfred Binet wa Ufaransa, yeye na mwenzake Simon 1905, alikuwa anatafuta watoto wanaohitaji kusaidiwa darasani ili wasaidiwe. Na mwenyewe alipinga watu wanaosema akili ya mtoto ni kiasi kile kile hakiongezeki. Hakusema lamineti.

Dadangu nae nilipomtumia ile 87 kabla sijarudia, alikaa kimya siku nzima halafu akaanza kuniuliza kama amuondoe madrasa apunguziwe mzigo. Angalieni vile namba moja inaingia nyumba ya watu.

Vidole sasa, na hapa sikulipa, nilikaa kusikiliza maelezo ya bure tu. Wanaskani vidole kumi halafu ripoti ya kurasa nyingi inakwambia mtoto ni wa muziki, ama uongozi, asilimia kadhaa ubongo wa kulia na asilimia kadhaa wa kushoto. Na yule mama anaeuza akanambia kitu cha kweli kabisa: "Huu haubadiliki mwalimu, mlete leo mlete baada ya miaka 10, majibu ni yale yale." Sawa! Lazima yawe yale yale, michoro ya vidole inaumbika tumboni mtoto hajazaliwa na haibadiliki maisha. Kwa uthabiti basi vidole vimeishinda IQ na vimeushinda na mtihani wa masomo. Lakini mizani ya muuza samaki ilokazwa pia haibadiliki, kila ukiweka kilo inasoma kilo na robo, leo na kesho. Kutoa jibu lile lile si sawa na kutoa jibu la ukweli, na hakuna ushahidi kwamba mistari ya kidole inasema mtoto anafikiri vipi. Huko India ambako biashara hii ilishamiri chama cha madaktari wa akili kilishatoa tamko kuipinga. Hapa Malindi ni 6,000. Ukiwa nazo zinakuwasha, mnunulie mtoto vitabu na viatu na chenji ibaki ya pizza kwa Wataliano.

Kuna mama aliniuliza, kwa hivyo IQ zote ni upuzi? La. Mtoto akiwa ana shida ya kweli, haongei kwa wakati, anasahau aliyoyajua, alianguka akaumia kichwa, alipata malaria ya kupanda kichwani, hapo vipimo vya akili vina kazi kubwa, lakini vinafanywa na mtaalamu alosomea, ana kwa ana, anamuangalia mtoto anavyojaribu, anampima vitu vingi tofauti, anakuuliza na wewe mzazi, na ripoti yake inaandikwa kwa maneno na namba ikiwepo ina "kati ya". Huyo anaanzia hospitali, haanzii kwa kaunta yenye brosha.

Na kwa wanaodhani basi mtihani wa maumbo na msamiati ndo mwisho wa akili, huko Usenge karibu na Ziwa Viktoria, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walipima watoto kuhusu dawa za miti shamba, ipi ya tumbo ipi ya minyoo, matokeo yakatoka 2001: walokuwa wanajua dawa zaidi ndo walokuwa na tabia ya kupata chini kwenye msamiati wa shule. Nimemfikiria yule wetu na bamvua yake.

Kwa hivyo nyota: masomo 4, ile moja nimeitoa kwa Kiingereza cha sayansi. IQ 1, na hiyo ni ya AC. Vidole sina nyota.

Mkienda: msiende Jumamosi, kunajaa na watoto wanafanya mtihani huku wenzao wanapiga kelele koridoni, katikati ya wiki asubuhi ni shwari. Mwambieni wazi kaunta mnataka karatasi za majibu zirudi, manake usipouliza wanakupa ile lamineti tu. Insha ombeni alama za wasomaji wote wawili. Mkishikilia IQ basi waulizeni uthabiti ni ngapi na walinganishwa ni watoto gani, kabla ya kutuma M-Pesa si baada. Meneja alinipigia juzi baada ya kusikia nazungumza, akasema wanafikiria kuanza kuandika "kati ya" kwenye ripoti na kutoa Sayansi kwa lugha mbili. Nimemwambia akishafanya anipigie, nitakuja kubadilisha nyota. Dadangu ashaamua, kijana anabaki Lamu kwa sababu ya ada na kwa sababu babake anamtaka karibu, na sehemu zenye namba tofauti chini sasa anazifanya bila shida.